Zana za bure kwa darasa jumuishi: ipi inasoma Kiswahili, ipi inakula bando, ipi iachwe

Orodha za "zana 50 za bure kwa elimu jumuishi" zimejaa mtandaoni, na karibu zote zinamfikiria mtoto mwenye kompyuta yake, intaneti isiyokatika na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza. Zipeleke orodha hizo kwenye shule ya msingi ya serikali ya Tanzania uone zinavyopukutika. Darasa lina watoto 60, pengine 90. Kompyuta mpakato ni moja na inalala ofisini kwa mwalimu mkuu. Kuna simu ya mwalimu, na kuna kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Humo darasani yumo mtoto mwenye ualbino asiyeona ubao, yumo kiziwi mmoja au wawili, yumo asiyeona aliyetoka kitengo maalumu, na wapo watatu wanne waliofika darasa la nne huku silabi zikiendelea kuwapiga chenga.

Kwa hiyo zana zilizopimwa hapa zimeulizwa maswali matatu tu. Inasoma au inasikia Kiswahili? Inafanya kazi bando likiisha? Inasaidia hata kama kifaa ni kimoja? Nyingi huanguka kwenye swali la kwanza. Hakuna hata moja kati ya hizi inayodai hela, lakini gharama ipo: iko kwenye bando, kwenye umeme, na kwenye saa za mwalimu za jioni.

NVDA, kwa mwanafunzi asiyeona

NVDA ni kisoma skrini cha Windows: kinasema kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo na kila kitufe kinachobonyezwa. Kilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, wakati visoma skrini vya kuuzwa vilikuwa vinaweza kuzidi bei ya kompyuta yenyewe. Mpaka leo ni bure. Ukurasa wa kupakua huomba mchango kwanza, lakini kuna mahali pa kuruka ombi hilo, na ukiruka hupunguziwi chochote.

Kinapata nafasi ya kwanza kwa sababu moja kubwa: ndani yake kuna mtambo wa sauti uitwao eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Ukishapakua mara moja, bando halihitajiki tena. Sauti ni ya roboti, kavu, na watu wazima wakiisikia mara ya kwanza hukunja uso. Wasikunje. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtambo unaofuata kanuni tu hupatia karibu kila neno, bahati ambayo wasomaji wa Kiingereza hawana. Watoto huizoea ndani ya siku chache, na aliyebobea huipandisha kasi mpaka mwalimu anayeona asikie mvumo tu.

Wakati wa kuanza, dirisha la kwanza linatoa nafasi ya kuweka tiki ili CapsLock iwe kitufe cha NVDA, kile kinachoshikiliwa pamoja na vingine kutoa amri. Iweke, kwa sababu kompyuta mpakato nyingi zina Insert iliyojificha au hazina kabisa. Kisha bonyeza NVDA+Ctrl+S uchague eSpeak NG, halafu NVDA+Ctrl+V, nenda kwenye orodha ya sauti, chagua Kiswahili, punguza kasi mpaka anayeanza aweze kufuata. Kazi imekwisha. Kama kompyuta ni za kushirikiana, fungua menyu kwa NVDA+N, ingia kwenye zana, utengeneze nakala ya kubeba kwenye flashi. Mwanafunzi anatembea na flashi yake ikiwa na sauti yake na kasi yake, anaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows 10 au 11 na kuanza kazi bila kusakinisha kitu. Kasoro ya nakala hii ni kwamba haisomi skrini ya kuingiza nywila ya Windows, kwa hiyo mtu mwingine atamfungulia kompyuta.

Malalamiko makubwa kuhusu NVDA shuleni ni mawili, na yote yana dawa.

La kwanza: "inasoma Kiswahili kama mtalii." Ama sauti iliyochaguliwa bado ni ya Kiingereza, ama faili la Word limewekewa alama ya Kiingereza, jambo ambalo hutokea kila mara kwa sababu ndivyo Word inavyokuja. NVDA huheshimu alama hiyo na kubadili sauti yenyewe. Dawa safi ni kuteua maandishi yote na kuyabadilisha lugha yawe Kiswahili kwenye Word. Dawa ya haraka ni kurudi kwenye NVDA+Ctrl+V na kuondoa tiki ya kubadili lugha kiotomatiki. Kwenye shule ya msingi ambako karibu kila kitu ni Kiswahili, dawa ya haraka inatosha; irudishe tiki kwenye kipindi cha Kiingereza, vinginevyo "the" itasomwa kwa matamshi ya nyumbani.

La pili: ukimya. Mwalimu amefungua PDF ya kitabu, mwanafunzi anabonyeza mishale, kompyuta haisemi. Kitabu hicho kimeskaniwa. Kwa jicho ni maandishi, kwa kompyuta ni picha ya maandishi, na picha haina herufi. Ipandishe PDF kwenye Google Drive, ibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua kuifungua kwa Google Docs. Itatoa maandishi yanayosomeka. Usimpe mwanafunzi kabla ya kuyapitia: "rn" hugeuka "m", "l" hugeuka 1, na jedwali husambaratika na kuwa mstari mmoja mrefu usio na maana. Kama ni ukurasa mmoja tu, kwenye Windows 10 au 11 NVDA+R husoma kilichopo kwenye skrini wakati huo bila kupandisha kitu mtandaoni.

Kuhusu kufundisha, wiki ya kwanza iwe na vitufe vichache tu. Ctrl hunyamazisha. NVDA+1 huwasha hali ya kujifunza vitufe, ambapo kila kitakachobonyezwa kitatajwa jina bila kufanya lolote. Mwache mtoto acheze hapo hata kipindi kizima, hakuna atakachoharibu. Baada ya hapo mishale, kisha Tab. Kipanya kisiguswe. Wiki ya pili mfundishe H, inayorusha kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine kwenye kurasa za mtandao. Hapa ndipo walimu wengi wanajikwaa: kichwa cha habari kilichokolezwa wino tu si kichwa kwa NVDA. Ukiandaa notisi, tumia mtindo wa Heading 1 na Heading 2. Na sehemu za hesabu zilizobandikwa kama picha hazisomeki. Andika 3/4 kwa vitufe vya kawaida.

Onyo moja. NVDA haichukui nafasi ya nukta nundu. Anayesoma kwa masikio peke yake hasikii kama ni "kwa hiyo" au "kwahiyo", hajui herufi kubwa imekaa wapi, na tahajia yake huonyesha hivyo kwenye mtihani. Mashine ya nukta nundu ibaki mezani.

Sauti za Rehema na Daudi ndani ya Edge

Kwa mtoto anayeona vizuri lakini kusoma kunamshinda, roboti wa eSpeak si rafiki. Hapa kivinjari cha Edge cha Microsoft kinashinda wapinzani wake wote kwa mbali, na ajabu ni kwamba watu wengi wanacho tayari na hukitumia kupakulia Chrome tu. Edge ina sauti nne za Kiswahili zinazokaribia sauti ya mtu: Rehema na Daudi za Tanzania, Zuri na Rafiki za Kenya. Fungua ukurasa au PDF, bonyeza Ctrl+Shift+U, na kwenye mwambaa unaojitokeza juu chagua sauti na kasi. Neno linalosomwa hupakwa rangi wakati linatamkwa, na hilo ndilo lenye manufaa zaidi kwa anayejifunza kusoma: jicho na sikio vinakutana kwenye neno lile lile.

Kasi ndiyo inayoharibu. Kasi ya kawaida ni ya mtu mzima anayesikiliza habari. Ishushe mpaka kidole cha mtoto kiweze kufuata mstari bila kukimbia. Kama kidole kinachelewa, shusha tena.

Sauti hizi hutengenezwa kwenye seva za Microsoft, si ndani ya kompyuta. Bando likikata, Rehema hunyamaza katikati ya sentensi bila kuaga. Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika hili si jambo dogo. Njia ya kuzunguka ni kurekodi: cheza hadithi mara moja mahali penye mtandao, rekodi sauti kwa simu nyingine kwenye chumba kimya, kisha sauti hiyo ichezwe darasani wiki nzima. Haivutii, lakini inafanya kazi.

Ndani ya Edge hiyo hiyo kuna Immersive Reader, inayofunguliwa kwa F9 kwenye kurasa za makala. Inafuta matangazo na picha za pembeni, inakuza herufi, inatanua nafasi kati ya herufi na kati ya mistari, na inaweza kufunika ukurasa wote ikaacha mstari 1, 3 au 5 tu. Mstari mmoja kwa wakati ni msaada mkubwa kwa mtoto ambaye macho yake huruka mistari. Ipo pia sehemu ya kukata maneno kwa silabi. Kwa Kiswahili usiihangaikie, maana silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu na mwalimu anaweza kuandika "ki-ta-bu" kwa mkono kabla programu haijamaliza kufunguka.

Live Transcribe, na mipaka yake kwa viziwi

Live Transcribe ya Google ilitoka Februari 2019, ikiwa imetengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington. Inasikiliza anayeongea na kuandika maneno kwenye skrini ya simu ya Android papo hapo. Kiswahili kimo, cha Tanzania na cha Kenya. Ukikaa nayo chumbani, watu wawili, dirisha limefungwa, inashangaza kwa usahihi.

Darasani ni habari nyingine. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa mdomo ulio karibu. Simu ikiwa kwenye dawati la mwanafunzi mstari wa tatu, kinachofika ni sauti ya mwalimu iliyochanganyika na ya watoto 60, na programu haijui nani ni nani. Matokeo ni sentensi zilizokatika na maneno ya kubahatisha. Suluhisho ni maikrofoni ndogo isiyo na waya ya kubana kwenye kola, zile wanazotumia watu wa video za mitandaoni, ambazo kipokezi chake huchomekwa kwenye simu. Kwenye mipangilio ya programu unachagua maikrofoni hiyo badala ya ile ya simu. Hakikisha kichomeo kinafanana na tundu la simu kabla ya kulipia. Na mvua ikianza kupiga bati, funga programu, chukua chaki.

Tatizo la pili ni kuchanganya lugha. Mwalimu anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kiingereza ataona Kiingereza chake kikiandikwa kama Kiswahili kisichokuwepo. Unaweza kuweka lugha mbili na kuhama kwa kitufe, lakini hakuna anayekumbuka kubonyeza katikati ya somo. Ni heri kuamua: kipindi hiki ni Kiswahili. Kwenye mipangilio kuna pia mahali pa kuongeza maneno maalumu, na hapo ndipo pa kuandika "usanisinuru", "kizio", majina ya mito na ya vijiji, kabla ya somo. Dakika 5 za kuongeza maneno 10 hupunguza makosa kuliko kubadilisha simu.

Kuna chaguo la kuyahifadhi maandishi kwa siku 3. Iwashe, mwanafunzi akikosa jambo, unanakili maandishi, unayasafisha, unamchapishia.

Zana hii inamfaa nani? Inamfaa mwenye usikivu hafifu na aliyepoteza usikivu baada ya kujua kusoma, kuanzia darasa la tano hivi kwenda juu. Kiziwi aliyezaliwa kiziwi, ambaye lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama, anasoma Kiswahili kama lugha ya pili, na maandishi yanayokimbia kwenye skrini yanamwacha nyuma kama sauti ilivyomwacha. Shule inayosema "tumeweka programu, mkalimani hahitajiki tena" imemnyang'anya mtoto huyo darasa. Kwa matumizi ya kweli ya Live Transcribe tunaipa alama 7 kati ya 10. Kama badala ya mkalimani, 0.

Uoni hafifu na ualbino

Hapa vitu vingi vimo ndani ya vifaa tayari, havihitaji kupakuliwa. Kwenye Windows, kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha hukuza skrini. Ctrl+Alt+I hugeuza rangi, maandishi yakawa meupe juu ya weusi. Windows na Esc hufunga. Kwa mtoto mwenye ualbino, kugeuza rangi mara nyingi humsaidia zaidi ya kukuza, kwa sababu kinachomchosha ni mwanga mweupe wa skrini. Jaribu rangi kwanza.

Ubao ni rahisi kuliko unavyodhaniwa. Mwalimu aupige picha kwa kishikwambi akimaliza kuandika, mtoto aikuze kwa vidole viwili mezani pake. Apige akiwa amesimama mbele ya ubao katikati, si pembeni, na dirisha liwe nyuma yake, vinginevyo mng'ao unafuta nusu ya maneno.

Kwa karatasi za kuchapisha, pakua fonti ya Andika. Ndiyo, jina ni neno letu. Shirika la SIL liliichora mahususi kwa wanaoanza kusoma. Herufi zake za "a" na "g" zina umbo linalofundishwa darasani, na I kubwa, l ndogo na 1 hazifanani. Atkinson Hyperlegible, fonti ya Braille Institute ya Marekani, nayo ni nzuri kwa uoni hafifu. Pointi 18 ndicho kiwango cha chini kwa maandishi makubwa. 14 zinatosha kwa mwenye ugumu wa kusoma, mistari ikiachana kwa 1.5, maandishi yakipangwa kushoto bila kunyooshwa kulia. OpenDyslexic, ile fonti yenye herufi nzito chini, inasifiwa sana kuliko inavyostahili: tafiti hazijaonyesha kwamba inaongeza kasi ya kusoma. Kama mtoto anaipenda, mpe. Ukitaka matokeo, tanua nafasi.

TalkBack, kwa kifupi

Kishikwambi kina kisoma skrini chake, TalkBack. Shikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde 3, kinawaka, kama njia hiyo ya mkato imewashwa. Kuanzia hapo kugusa mara moja ni kusikia, kugusa mara mbili ni kufungua, na kutembeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Walimu kadhaa wamepeleka kifaa kwa fundi wakidhani kimeharibika kumbe kimewashwa hivyo kwa bahati mbaya. Shikilia vitufe vile vile kuzima. Sauti ya Kiswahili ya Google ipakuliwe mara moja kwenye mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi, ili isome hata bila mtandao. Kama mtoto anaona kiasi, usiwashe TalkBack nzima. Washa kile kipengele cha kugusa maandishi yasomwe, chepesi na kisichomchanganya.

Kuandika kwa kuongea kupitia kibodi ya Gboard, au Ctrl+Shift+S ndani ya Google Docs kwenye Chrome, humfaa mtoto ambaye mikono inamsumbua. Kiswahili kimekuwepo tangu 2017. Sauti za watoto wadogo hukosewa zaidi kuliko za watu wazima, basi asome sentensi moja, asimame, aangalie.

Hadithi, na kompyuta moja kwa darasa zima

African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliozinduliwa 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha kubwa, zilizopangwa kwa ngazi 5: maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza, aya ndefu, na za kusomewa. Kwenye darasa jumuishi ngazi ndiyo dhahabu. Hadithi moja ya ngazi ya 3 unaweza kuifungua, ukaibadilisha kuwa ya ngazi ya 1 kwa picha zile zile, ukaihifadhi upya. Watoto wote wanasoma kuhusu jambo moja, kila mmoja kwa uwezo wake. Kiswahili chake hakilingani ubora, kwa sababu wanaotafsiri ni watumiaji wa kila aina. Soma kabla ya kuchapisha, hasa upatanisho wa ngeli, ambao ndio huteleza zaidi. Na picha hazina maelezo, kwa hiyo kwa asiyeona hadithi ya "maneno ya kwanza" ni kurasa 10 zenye neno moja moja linaloelea hewani.

Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, inajibu swali la kifaa kimoja. Inasakinishwa kwenye kompyuta mpakato, masomo yanaingizwa mara moja kwa intaneti au kwa flashi, na baada ya hapo vifaa vingine hujiunga kupitia Wi-Fi ya ndani na kufungua masomo kwenye kivinjari kwa anwani ya kompyuta hiyo ikifuatwa na :8080. Intaneti haihitajiki. Hata simu iliyowasha hotspot bila bando inaweza kuwa kituo, ila simu nyingi huishia vifaa 10 au pungufu. Ukurasa wake unaweza kuwekwa Kiswahili. Maudhui mengi ni ya Kiingereza, na hapo ndipo hamu hupungua. Chagua masomo machache, yaangalie yote, mengine yaache. Kosa la kawaida ni kuingiza mkusanyo mzima wa video na kujaza diski kabla hata ya somo la kwanza.

Programu mbili zenye toleo la Kiswahili ni onecourse ya onebillion na Kitkit School, zilizogawana dola milioni 10 za shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019 baada ya kujaribiwa na watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga. Ni nzuri sana kwa kusoma na kuhesabu kwa mwendo wa mtoto mwenyewe, lakini kifaa kimoja hutumiwa na mtoto mmoja. Kwa kitengo chenye watoto 8 zinafaa. Kwa darasa la 90, hapana.

Kwa watoto wenye usonji au wasioongea, nenda kwenye ARASAAC, hazina ya alama za picha ya serikali ya jimbo la Aragón, Hispania, zilizochorwa na Sergio Palao. Ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara mradi mchoraji na mmiliki watajwe. Tafuta kwa Kiingereza, pakua, andika neno la Kiswahili chini kwa Andika, chapisha kwa upana wa sentimita 5, bandika kwenye kadi ngumu. Anza na 6: maji, choo, chakula, nimechoka, kelele, bado. Tengeneza na mstari wa ratiba ya siku, alama moja kwa kila kipindi, ambayo mtoto huigeuza kipindi kikiisha. Michoro mingine ina mazingira ya Ulaya. Chakula chake ni mkate na uma. Piga picha ya sahani ya ugali wa shule, utumie hiyo.

Pengo la Lugha ya Alama

Hakuna kati ya hizi inayogeuza Kiswahili kuwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Kenya kuna video za hadithi za eKitabu, kupitia Studio KSL, zinazosimuliwa na viziwi wenyewe, na zinapatikana bure YouTube. Mwalimu wa Tanzania azitazame kujifunza usimulizi unavyopangwa, lakini asizicheze kama somo: Lugha ya Alama ya Kenya na ya Tanzania ni lugha mbili, na mtoto ataona mikono asiyoielewa.

Kinachobaki ni kutengeneza yenu, na Bloom, programu ya bure ya SIL ya kutengenezea vitabu kwenye Windows, ndiyo inayofaa. Ina kiolezo cha kitabu ambacho kila ukurasa una picha, maandishi na video ya alama. Chukua hadithi ya kurasa 8 yenye leseni huria, mwombe kiziwi mzima anayejua lugha vizuri aisimulie ukurasa kwa ukurasa. Ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja, nguo yake iwe ya rangi inayotofautiana na ngozi ya mikono, mwanga utoke mbele. Simu isimame kwenye kitu kisichotikisika, ichukue kuanzia juu kidogo ya kichwa hadi kiunoni, na viwiko vyote viwili viwe ndani ya picha hata anaponyoosha mikono. Ishara inayotoka nje ya fremu ni neno lililopotea. Kila ukurasa uwe klipu yake, sekunde 10 hadi 20, uanze na kuisha mikono ikiwa imetulia, ili kosa likitokea urudie klipu moja tu. Bloom ikimaliza, kitabu kinahamishiwa kwenye simu kwa Wi-Fi au waya na kufunguliwa na Bloom Reader bila mtandao. Kurasa 8 ni kazi ya alasiri moja, mradi simu imechajiwa na kumbukumbu yake ina nafasi.